Kaa, Jivu na Kiberiti: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Maneno ya Moto

Mbukwenyi, ndugu wasomaji. Kila mwaka, kipupwe cha Juni na Julai kinapoanza kuvuma juu ya uwanda wetu huu wa Dodoma, ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, watu huvuta vigoda karibu na jiko mapema jioni, na safu hii hupokea maswali ya moto kuliko ya jambo jingine lolote. Safari hii nimeyakusanya pamoja, kwa sababu nimeona kwamba mengi yanashikana mikono: jibu la muuza mkaa linamsaidia mwalimu wa Biblia, na jibu la mwanafunzi linamsaidia muuza mkaa. Mengine yamehitaji maelezo marefu na mengine mistari michache tu.

Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu hapa Mvumi jioni huniita "njoo uote moto", na asubuhi huniuliza "umeota nini?" Je, kuota moto na kuota ndoto ni neno moja? — Mwanafunzi wa kidato cha pili

Marahaba, mjukuu wangu. Ni maneno mawili yaliyotoka katika vijiji tofauti yakakutana njiani, na leo yamevaa nguo moja.

Tuanze na la jioni. Kuota kwa maana ya kujipasha joto ni kitenzi cha kale sana, nacho kipo katika lugha nyingi za Kibantu: Wachewa husema *kuotha moto*, Wazulu husema *ukotha*, na Waganda husema *okwota*. Kutokana na kitenzi hicho ndipo lilipozaliwa neno *moto*, yaani kiambishi cha ngeli *mu-* kilichoungana na shina *-oto*. Joto nalo ni la ukoo huohuo. Jambo hili hunigusa kila ninapolifundisha, kwa sababu linatuonesha kwamba wazee waliotuachia neno hili hawakuuita moto kwa sifa yake ya kuunguza wala ya kuangaza. Waliuita kwa kile ambacho watu huufanyia, yaani kuukaribia na kuuota. Lugha nyingine za jamaa yetu zilichagua njia nyingine. Wakikuyu huuita moto *mwaki*, wakitazama kuwaka kwake, na Waganda huuita *omuliro*.

Sasa la asubuhi. Kuota ndoto hapo zamani kulikuwa na sauti *l* mwanzoni, na lugha za jirani zimeitunza mpaka leo: Kichewa husema *kulota*, Kiganda *okuloota*, na Kikuyu, ambacho huiweka *r* mahali pa *l*, husema *kũroota*. Kiswahili kiliidondosha. Hata hivyo hakikuidondosha kila mahali, maana katika nomino *ndoto* sauti hiyo ilikingwa na *n* iliyoitangulia na ikageuka kuwa *d*, kama vile *ulimi* unavyokuwa *ndimi* katika wingi na *-refu* inavyokuwa *ndefu*. Kwa hiyo ukitaka kuyatenganisha maneno haya mawili, tazama nomino zake: la jioni lina *moto*, lisilo na *d* wala *l*, na la asubuhi lina *ndoto*.

Mwalimu, ninauza mkaa kwa debe na kwa gunia hapa Nkuhungu. Mteja mmoja kutoka Nairobi ameniambia kibao changu cha "Mkaa unauzwa" kina makosa, eti ilipasa niandike "makaa". Nani yuko sahihi?

Kibao chako hakina kosa, ndugu yangu, na usikifute. Nchini Tanzania tumezoea kugawa kazi kati ya maneno mawili. *Mkaa* ni ile nishati iliyochomwa katika tanuri, ikapoa, ikajazwa kwenye gunia na kupakiwa juu ya baiskeli au lori. Tunasema "mkaa umepanda bei" na "mkaa huu ni wa mgunga". *Makaa* ni wingi wa *kaa*, yaani kipande kimoja kimoja, hasa kinapokuwa kimeshika moto na kuwa chekundu. Mkaa hukaa stoo, lakini ukishautia jikoni na kuupepea, unakuwa makaa. Kile kinachochimbwa ardhini kule Kiwira, Ngaka na Mchuchuma tunakiita *makaa ya mawe*, na hakuna Mtanzania anayekiita mkaa wa mawe. Ndugu zetu wa Kenya hutumia *makaa* kwa yote hayo, nao hawakosei. Ni desturi ya nchi yao, na mteja wako amekusahihisha kwa kipimo cha nyumbani kwake.

Swali lako limenipa nafasi ya kueleza jambo kubwa zaidi. Neno *kaa* ni miongoni mwa maneno ambayo wataalamu wa kulinganisha lugha za Kibantu, kuanzia Mjerumani Carl Meinhof aliyechapisha utafiti wake mwaka 1899 hadi Mwingereza Malcolm Guthrie aliyechapisha wake kati ya mwaka 1967 na 1971, waliyatumia kujenga upya sauti za lugha mama ya kale. Ukisikiliza jirani zetu utaelewa sababu: Kichewa kina *makala*, Kilingala kina *makala*, Kinyarwanda kina *amakara*, Kikuyu kina *makara*. Sisi tumebaki na *makaa*, irabu mbili zikifuatana na katikati yake pengo ambalo masikio yetu hayalioni tena. Katika pengo hilo ndimo ilimokaa *l*, sauti ileile iliyopotea katika *kuota ndoto*. Imepotea pia katika *njaa*, ambayo Wachewa huiita *njala*, na katika *mvua*, ambayo wao huiita *mvula*.

Ajabu ni kwamba sauti hiyo haikufa. Imefunikwa tu, na ukiipepea kidogo hujitokeza. Chukua kitenzi *kaa*, cha kuketi, ambacho hakina udugu na kaa la moto lakini kimepatwa na msiba uleule: ukikiongezea kauli ya kutendea unapata *kalia*, na *l* imerudi. *Zaa* huwa *zalia*, *vaa* huwa *valia*, *twaa* huwa *twalia*. Na pale ambapo *l* hiyo ilikutana na *i* ya kuundia nomino, iligeuka *z*, ndiyo maana tuna *makazi*, *vazi* na *mzazi*. Naomba ulikumbuke jambo hili, kwa sababu linahitajika katika jibu linalofuata.

Katika Warumi 12:20 tunasoma kwamba ukimlisha adui yako mwenye njaa "utampalia makaa ya moto kichwani pake". Watoto wangu wa Shule ya Jumapili wanajua kupalilia mahindi tu. Kupalia makaa ni kufanya nini? — Mwalimu, Mpwapwa

Ahsante kwa swali hili, maana kitenzi hicho kimo hatarini kusahauliwa na ningependa watoto wako wakifahamu vizuri.

Shina lake ni *paa*, kwa maana ya kukwangua au kukomba, kama tunavyosema kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Kupaa moto ni kukomba makaa yanayowaka kutoka jikoni kwa kigae au kwa kipande cha bati ili kuyapeleka mahali pengine. Katika kijiji nilikokulia, kiberiti kilikuwa kitu cha kununuliwa na hivyo kilitunzwa. Mama alipoamka akakuta jiko limezima, alinituma kwa jirani na kigae mkononi nikapae moto. Nilirudi nikitembea haraka, lakini si kwa kukimbia, kwa sababu upepo mwingi uliyala makaa kabla hayajafika na upepo kidogo uliyaacha yafe. Hilo ndilo tendo lenyewe. Sasa ligeuze kuwa kauli ya kutendea, na ile *l* tuliyoizungumzia juu itarudi mahali pake: *paa*, *palia*. Kumpalia mtu makaa ni kumkombea makaa na kumwekea. Ama kupalilia mahindi, mimi ninaliona kuwa ni tawi la shina hilohilo, kwa kuwa jembe la palizi nalo hukwangua uso wa ardhi. Na tazama, katika *palizi* ile *l* imekuwa *z*, kama katika *makazi*.

Waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, walichagua kitenzi hiki kwa ustadi mkubwa. Picha yenyewe haikuanzia kwa Paulo, kwani aliichukua katika Mithali 25:21-22. Wafafanuzi wa zamani walitofautiana juu ya maana yake, lakini ufafanuzi wa Agostino wa Hippo ndio ulioenea zaidi: makaa hayo ni uchungu wa toba unaomchoma adui anapotendewa wema asioustahili. Waeleze watoto pia kwamba katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisema "umenipalia makaa", analalamika kwamba umemtia matatani, na hapo hakuna wema wowote. Maneno ni yaleyale, ila mkono unaoyabeba makaa una nia nyingine.

Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Biblia inasema Sodoma na Gomora ziliangukiwa na moto na kiberiti. Viberiti vilikuwapo wakati huo?

Njiti za kiberiti hazikuwapo, lakini kiberiti kilikuwapo, na wewe mwenyewe hukinyunyizia shambani kwako.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, *kibrit*, na maana yake ya asili ni madini ya manjano ambayo leo shuleni na katika maduka ya pembejeo tunayaita *salfa*. Ni neno la kale mno katika Mashariki ya Kati, na Kiebrania kina ndugu yake, *gofrit*, ambalo ndilo limeandikwa katika habari ya Sodoma. Watafsiri walipoandika kiberiti katika Mwanzo 19:24, na tena katika "ziwa la moto na kiberiti" la Ufunuo, walimaanisha salfa, madini yanayowaka kwa mwali wa buluu na kutoa moshi unaokaba koo. Wazee wa pwani waliijua maana hiyo pia, kwa kuwa salfa ya kutibia ukurutu na upele waliiita *kiberiti upele*. Ninyi wakulima wa zabibu mnaitumia dhidi ya ubwiri unga, kazi ambayo salfa imeifanya katika mashamba ya mizabibu ya dunia tangu karne ya 19.

Jina lilihama kutoka kwenye madini kwenda kwenye kijiti kwa sababu ya jinsi vijiti hivyo vilivyotengenezwa. Kabla ya njiti za kukwaruza, watu walichovya vijiti katika salfa ili vishike moto upesi vinapogusishwa kaa. Mfamasia Mwingereza John Walker, wa mji wa Stockton-on-Tees, aligundua njiti ya kukwaruza mwaka 1826 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata, na mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch wa Sweden akabuni njiti za usalama, ambazo huwaka zinapokwaruzwa kwenye ubavu wa kasha lake. Bidhaa ilipofika kwetu, ilipewa jina la kile kilichonukia ndani yake. Baada ya hapo Kiswahili kikafanya kazi yake ya kawaida: kikalisikia *ki-* la Kiarabu kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, kikaunda wingi *viberiti*, kama kilivyofanya kwa *kitabu* na *vitabu*. Wengi huandika *kibiriti*, na tahajia zote mbili zinakubalika.

Kwa nini pilipili inawasha na taa inawashwa? — Mama lishe, Majengo

Kwa sababu ni kitenzi kimoja, *waka*, kilichotiwa kauli ya kusababisha. Sauti *k* katika kauli hiyo hugeuka *sh*: amka na amsha, chemka na chemsha, anguka na angusha, waka na washa. Taa huwashwa nawe, na ulimi huwashwa na pilipili. Wa pili nao huwaka, ingawa mwali wake hauonekani.

Mimi ni afisa mifugo, Kongwa. Vitabu vyetu vya chuo huuita ugonjwa wa kimeta kwa jina la Kigiriki, anthrax. Niliambiwa neno hilo lina uhusiano na makaa. Ni kweli?

Ni kweli kabisa. Katika Kigiriki cha kale *anthrax* ni kaa, na ndilo neno lililomo katika andiko lilelile la Warumi tulilolijadili. Ugonjwa uliitwa hivyo kwa sababu mtu anayeambukizwa kupitia ngozi hupata kidonda chenye kovu jeusi katikati, lililo jeusi kama kaa lililozimika. Wafaransa waliifuata picha hiyo moja kwa moja, wakauita ugonjwa *charbon*, neno lilelile wanaloliita mkaa. Wajerumani nao walitazama ndani ya mzoga, wakaliona bandama lililovimba na kuwa jeusi, wakauita *Milzbrand*, yaani moto wa bandama. Katika lugha hizo tatu, macho ya wafugaji yaliona kitu kilichoungua.

Kiswahili kilikwenda njia yake. *Kimeta* kwa umbo lake limesimama juu ya kitenzi *meta*, kung'aa, ambacho kimetupa pia *metameta* na *kimetameta*, yule mdudu anayewaka usiku. Kwa hiyo wenzetu waliona kaa lililozimika, nasi tukabaki na neno la mng'ao, na mimi naona ni vyema mwanafunzi wa mifugo ayajue yote mawili ili jina la kitabuni lisibaki sauti tupu kwake.

Kwa kuwa safu hii inasomwa na wafugaji, niseme pia lisilo la lugha. Tangu Robert Koch alipoonesha mwaka 1876 kwamba ugonjwa huu husababishwa na bakteria, inajulikana kwamba mbegu zake huweza kuishi udongoni kwa miongo mingi. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au sehemu nyingine za mwili asipasuliwe, asichunwe na asiliwe. Aitwe mtaalamu wa mifugo.

Mafiga ni Kiswahili au ni neno la kikabila? Mhariri mmoja alilifuta katika hadithi yangu akaandika "mawe matatu". — Mwandishi chipukizi, Chamwino

Lirudishe. *Figa*, wingi *mafiga*, ni Kiswahili halali na ni cha kale kuliko maneno mengi ambayo mhariri huyo huyaacha bila kuyagusa. Ni jiwe mojawapo kati ya matatu yanayobeba chungu, na mawe matatu ya kawaida huwa mafiga siku yanapopangwa na kutiwa moto katikati.

Ushahidi wa ukale wake ni mzuri sana. Sauti ya kale *p* ilipotangulia aina fulani ya *i*, Kiswahili kiliigeuza *f*, Kiganda kikaigeuza *s*, na Kikuyu kikaigeuza *h*. Ndiyo maana figa letu ni *essiga* kwa Waganda, na kwa Wakikuyu ni *ihiga*, ambalo kwao limepanuka likawa jiwe lolote. Ukidhani ni bahati tu, tazama kiungo cha mwili: *figo* letu ni *ensigo* kwa Waganda na *higo* kwa Wakikuyu, kwa mpangilio uleule bila kupotoka. Kwa Waganda neno hilo lilipanda hadhi, kwa kuwa *essiga* ni pia jina la mgawanyo mkubwa wa ukoo. Ukoo kwao umekalia mafiga kama chungu. Nasi Tanzania tumelipeleka kwenye siasa, ambapo "mafiga matatu" ni kura ya rais, ya mbunge na ya diwani zikitolewa kwa chama kimoja.

Pwani utasikia pia *jifya* na *mafya*, kama katika methali "Jifya moja haliinjiki chungu". *Kuinjika* ni kuweka chungu juu ya moto, neno ambalo sisi wa bara tumeliachia *kubandika*. Katika hadithi yako unaweza kutumia lolote kati ya hayo, lakini usikubali "mawe matatu", kwa sababu msomaji atayaona mawe na hatauona moto.

Je, kijiko ni jiko dogo?

Hapana. *Jiko*, ambalo wingi wake ni *meko*, ni mahali pa moto, na Wakikuyu hupaita *riiko*. *Kijiko* cha kulia ni udogo wa *mwiko*, ule wa kusongea ugali, kwa mpangilio uleule ambao kutoka *mwana* tumepata *kijana*. Jiko la bati la kubebeka unaweza kuliita kijiko pia bila kuvunja sarufi, ila utakuwa umewachanganya walio mezani.

"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Nimeiona methali hii ukutani katika zahanati moja, ikihusu chanjo. Inafaa hapo? — Muuguzi, Bahi

Aliyeiandika alikuwa na nia njema, lakini amelisoma neno jingine. *Kinga* ya magonjwa hutokana na kitenzi *kinga*, kuzuia. *Kinga* cha moto, wingi *vinga*, ni kipande cha ukuni kinachowaka upande mmoja, ambacho pia huitwa *kijinga*. Na hapo tena usikidhanie kuwa ndugu wa ujinga. Methali inasema kwamba kinga kimoja kikiachwa peke yake hufuka moshi na kuzima, ila viwili vikikutanishwa vichwa hupashana joto na mwali unapanda. Yeyote aliyewahi kupikia kuni za mgunga analijua jambo hilo kwa mikono yake. Inafaa sana kuhimiza ushirikiano, na kama zahanati inataka kuwahimiza kina mama waje kliniki kwa makundi, basi ibaki pale ukutani kwa sababu hiyo.

Tanuri, tanuru, tanuu: lipi sahihi? — Mchoma matofali, Ihumwa

Yote yanatumika. Asili yake ni Kiarabu *tannur*, na Waarabu nao walilipokea kutoka lugha za Mesopotamia, ambako Waakadi waliliita *tinuru*. Neno hilohilo lilikwenda mashariki hadi India likawa *tandur*, tanuri la kuokea mikate na kuku. Biblia yetu ya Kiswahili imeshikilia *tanuru* katika habari ya Shadraka, Meshaki na Abednego, nami kwa matofali na mkaa naandika *tanuri*.

Shule yetu ya bweni imeachana na kuni, sasa tunapikia gesi. Vijana ninaowafundisha kazi hawajui maana ya kuchochea. Je, maneno haya yaachwe yafe? Na "nishati" ni neno la wapi? — Mpishi mkuu, Dodoma mjini

*Nishati* ni la Kiarabu, kutoka *nashat*, uchangamfu au wepesi wa kutenda. Lilikuwa sifa ya mtu kabla halijawa umeme, gesi na mkaa.

Kwanza nikupongeze kwa mabadiliko hayo. Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo. Aliyewahi kupikia wanafunzi 600 katika jiko la kuni, macho yakichuruzika machozi kwa moshi tangu saa kumi alfajiri, hatatamani kurudi huko, na milima ya Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo, inatukumbusha ardhi iliyokosa miti inavyokuwa. Sitaki mtu yeyote ashike tena kuni kwa ajili ya msamiati.

Hata hivyo maneno hayafi kwa usawa. *Kuwasha* na *kuzima* yamehamia kwenye gesi na kwenye swichi bila shida, na *Zimamoto* tunawapigia kwa namba 114. *Kuchochea*, yaani kusukuma kuni ndani ili moto ukolee, kumepata makao mapya mahakamani na magazetini, katika *mchochezi* na *uchochezi*, kwa hiyo vijana wako wanalijua neno hilo. Waoneshe tu lilikotoka. Yaliyo hatarini ni yale ya mkono na kigae: kupaa moto, kinga, kuinjika, na lile tendo la usiku la kulifukia kaa kubwa chini ya jivu ili asubuhi lipepewe na kuwashia jiko bila njiti hata moja.

Tendo hilo la mwisho nimelisikia likiitwa kwa majina mbalimbali katika Kigogo, Kirangi na Kisandawe, na pia katika Kiswahili cha wazee wa mkoa huu. Waulizeni bibi na babu zenu nyumbani, mniandikie jina wanalolitumia, kijiji wanachotoka, na aina ya mti waliouchagua kwa ajili ya kaa la kulala. Nitayachapa hapa kadiri yatakavyonifikia.